Muasisi wa Zabibu Aliyetoka Nyumbani Kwetu

Tangu nipate akili zangu sijawahi kuzika mtu mchoyo. Wala mlevi, wala mvivu, wala mama mkwe mwenye mdomo. Kuanzia Chang'ombe ninakoishi hadi vijiji vya kwetu upande wa Makutupora, wanaokufa ni watu wema watupu. Anasimama mtoto wa marehemu na karatasi yake ya wasifu, anakohoa, anasoma: marehemu alikuwa mcheshi, mpenda watu, mcha Mungu, na ameacha pengo lisilozibika. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimesahihisha insha za kunakiliana mpaka macho yakaingia ukungu, na nawaambieni insha inayonakiliwa kuliko zote nchi hii ni wasifu wa marehemu. Wachoyo sijui wanazikwa wapi. Labda wana makaburi yao.

Bahati nzuri Mungu aliiona hatari hiyo mapema, akatupa watani. Sisi ni Wagogo, na miongoni mwa watani wetu wamo Wanyamwezi. Sababu zake ni za misafara na njaa za zamani, na kila mzee anazisimulia kwa namna yake. Kazi ya mtani msibani ni kusema yale ambayo sisi ndugu tumeyameza. Mama yangu alipofariki, wasifu ulisomwa vizuri kabisa, pengo lisilozibika likiwemo. Kisha akainuka mtani wa baba, mzee wa Kinyamwezi aliyestaafu reli, ambaye sasa ana karakana ya kuchomelea mageti kule Kizota. Alikuwa amejifunga kanga ya mama kiunoni. Akaingia ndani akiburuza miguu vile vile kama mama, akatoka na kopo la sukari, akalificha chini ya kiti cha mchungaji, akasema kwa sauti ya mama, "Leo chai tunywe hivi hivi, sukari inaleta maradhi." Tulicheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka tukalia kweli. Mama alikuwa mchoyo wa sukari. Huyo ndiye tuliyemzika, si yule wa kwenye karatasi.

Sasa nije kwa kaka yangu. Kaka ndiye mkubwa wetu. Ana cheo katika ofisi moja ya hapa mjini, ana kiti kinachozunguka, na ana mpango na jimbo. Mpango wenyewe hausemi waziwazi. Anasema tu kwamba "wananchi wananiomba", wananchi ambao mimi sijawahi kukutana nao hata sokoni. Siku moja akagundua ile kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuingia akaandika makala. Kibaya zaidi, akagundua kwamba baba wa mwenzake wa ofisini ana makala humo, na baba yetu hana. Alikosa raha kabisa. Akanipigia simu nikiwa darasani.

"Mdogo wangu, lazima tujenge legasi ya mzee angali hai."

"Legasi ya mzee si ndiyo sisi?"

"Mimi naongea mambo ya maana," akasema, na hapo alisema kweli.

Jumapili iliyofuata tukaenda kijijini kwa baba. Baba yangu ni bwana shamba mstaafu, amevuka themanini, anasikia vizuri na anakumbuka vizuri zaidi, jambo ambalo lilikuja kuwa tatizo. Tukakaa uani chini ya mwarobaini. Kaka akatoa simu, akasoma makala aliyokwisha kuiandika na kuirusha bila kumuuliza mtu. Humo baba alikuwa mwana wa ukoo mashuhuri. Alikuwa mwanamaono. Alitambulika kuwa ndiye muasisi wa kilimo cha zabibu katika eneo letu, aliyewahamasisha wananchi kupanda wakati wengine wakisitasita. Na mwisho kabisa, kama kwa bahati mbaya, kulikuwa na sentensi kwamba kifungua mimba wake anaendeleza nyayo zake katika utumishi wa umma.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Huyo mtu ni nani?"

"Ni wewe, baba."

"Mimi niliwang'olesha."

Hili kijijini kwetu si siri. Baba alipokuwa kijana, ofisi ilimpa baiskeli, kofia ngumu nyeupe, na amri: kwanza chakula. Kila kaya iwe na shamba la mtama na uwele, maana njaa ilikuwa imetutia adabu. Wakati huo watu wachache walikuwa wameanza kujaribu zabibu, na baba aliziona ni upuuzi. Alipita nyumba kwa nyumba na baiskeli yake, na alikuwa na msemo wake ambao mpaka leo watoto wanaucheza bila kujua ulikotoka: "Ng'oa. Zabibu utakula na mlenda?" Wenye mashamba ya mbali, kule baiskeli isikofika kwa sababu ya mchanga, waliitikia "ndiyo, bwana shamba" na wakaendelea na zabibu zao. Leo wana nyumba za bati la rangi na watoto wao ni wahasibu. Walioumia ni waliokaa karibu na barabara na wenye heshima. Jirani yetu wa ng'ambo ya njia alikuwa na vyote viwili. Alikuwa amechimba mashimo yake kwa mkono, miche yake imeshashika waya. Aliambiwa ng'oa, akang'oa, na majani yakaenda kwa mbuzi wa baba. Uwele aliopanda mahali pale ulikufa na jua. Maisha yake yaliyobaki alikuwa kibarua wa kuchuma zabibu za wenzake, wale wa mchangani, mpaka alipofariki.

Mjane wake yuko hai. Ndiye huyo jirani wa baba mpaka leo. Kila asubuhi anasimama kwenye njia na ndoo yake, anamsalimia baba, "Mbukwenyi, Bwana Shamba," na baba anaitikia. Miaka yote hiyo hajawahi kumwita kwa jina lingine. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na sisi watoto tulidhani kapoa kwa sababu alikuwa anatupa karanga.

"Yule mama yuko hai," baba akamwambia kaka. "Kesho asubuhi atanisalimia. Nitamtazama kwa macho gani? Itoe hiyo."

"Baba, yule mama hasomi mtandao."

"Wajukuu zake wanasoma."

Kaka akarudisha simu mfukoni. Akasema ataangalia, na mimi ninayemjua nikajua hataangalia chochote. Huyu ni mtu aliyewahi kuniambia kwamba ukweli ni mzuri ila una wakati wake.

Wa kwanza kumsumbua hakuwa baba, alikuwa mhariri. Kumbe kamusi elezo ile ina wahariri wa kujitolea, watu wasio na sura, na mmoja wao alibandika tangazo juu ya makala: haina chanzo huru, inaonekana imeandikwa na mtu wa karibu na mhusika, inapendekezwa ifutwe. Chini yake palikuwa na ukurasa wa majadiliano, na mtu yeyote aliruhusiwa kutoa hoja. Kaka akakimbilia kwenye grupu la ukoo. Ndugu zangu, akaandika, mzee wetu anadhalilishwa na watu wasiomjua, jitokezeni.

Jamani, ukoo ulijitokeza. Ukoo ambao kuchangia harusi unahitaji vikao na vitisho, siku hiyo uliamka wote. Nilikuwa nasahihisha mitihani nikaacha, nikakaa nasoma ukurasa ule kama mtu anayetazama nyumba ya jirani ikiungua. Kwetu ukitaka kuaminiwa unapomzungumzia mtu, kwanza unajitambulisha wewe ni nani kwake. Ndivyo tulivyolelewa. Shahidi asiye na undugu ni mpita njia, anajua nini? Basi kila mmoja alianza vizuri kabisa, kwa adabu zote.

Wa kwanza aliandika, "Shikamooni wahariri. Mimi ni mpwa wake wa damu, amenilea mwenyewe, kwa hiyo ninachosema ni kweli tupu." Wa pili akajitambulisha kuwa mtoto wa mdogo wake, akaongeza kwamba amebeba jina lake, ushahidi gani tena mnataka. Shangazi, ambaye simu anaandikiwa na mjukuu, alieleza tumbo walilotoka pamoja. Mjomba mmoja wa Mpwapwa alitoa nasaba nzima mpaka kwa babu wa babu, ili ionekane kwamba hakuna aliyejitokeza ambaye si wa karibu. Kila walivyozidi kuthibitisha, ndivyo walivyozidi kuizika makala.

Mhariri aliwashukuru wote kwa upole wa kutisha. Kisha akauliza: je, kuna yeyote hapa asiye ndugu wa mhusika?

Ukurasa ukanyamaza. Nikadhani yameisha. Halafu akatokea mwanamume mmoja ambaye ninamjua, na niliona aibu kwa niaba yake kabla hajamaliza. "Mimi si ndugu," aliandika. "Mimi ni mkwe."

Siku hiyo nilimpenda mhariri yule ambaye simjui hata jinsia. Nikasema moyoni, huyu ana akili kuliko ukoo wetu wote ukiuweka kwenye gunia moja. Ndugu asiandike habari za nduguye. Si kwamba hajui, la; anajua mno, na kwa hiyo anajua na mahali pa kuruka. Nyani haoni kundule, na akiliona la baba yake analifunika na kofia. Mimi mwenyewe ukinipa kalamu nimwandike mama, sukari sitaitaja. Makala ikafutwa, baba akaambiwa, akasema "vizuri", akaendelea kupukuchua mahindi.

Furaha yangu haikudumu. Kabla haijafutwa, mwandishi mmoja wa gazeti, kijana mwenye haraka, alikuwa akitafuta la kuandika kuhusu msimu wa zabibu. Akaikuta makala ya kaka, akanakili. Gazeti likatoka: mzee fulani, muasisi wa kilimo cha zabibu, bado yu hai kijijini kwake. Kaka akalinunua gazeti kama mkate. Akarudi kwenye kamusi elezo na makala yake ile ile, safari hii ikiwa na tanbihi chini: chanzo, gazeti. Mhariri akaangalia, akaona gazeti si shangazi wala si mkwe, akakubali. Uongo ulitoka kwa kaka, ukaenda gazetini ukavaa suti, ukarudi nyumbani ukiwa chanzo huru.

Baba aliponiuliza nikamweleza. Hakuelewa yote lakini alielewa ya kutosha. "Basi waandikie wewe," akasema. "Waambie nimekataa."

Nikaandika kwenye ukurasa ule ule, mimi mwenye digrii, mimi niliyewacheka wenzangu: "Mimi ni binti wa mhusika. Baba yuko hapa mbele yangu na anasema si kweli." Nilipobonyeza kutuma ndipo niliposikia nilichoandika. Jibu lilikuja kwa upole ule ule wa kutisha. Wanaheshimu maoni yangu. Lakini ndugu wa mhusika hahesabiwi kuwa chanzo huru, na gazeti limesema vingine. Je, kuna chapisho lolote linalokanusha?

"Waambie mimi ndiye mimi," baba akasema kutoka kwenye kiti chake.

Nikawaambia. Wakajibu kwamba, kwa masikitiko, mhusika naye si huru kwa habari zake mwenyewe. Sheria niliyoisifu juzi ikanichapa kofi zuri la shavuni. Baba aliiomba simu, akaitazama mbele na nyuma, akanirudishia. Nilimwona mzee amechoka ghafla, na nikamkasirikia kaka kwa hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo tangu aliponivunjia mwanasesere.

Nikamfuata kaka ofisini kwake. Nikasimama mbele ya kiti kinachozunguka, nikamwambia baba ameikana makala, aitoe, asimtie mzee aibu uzeeni. Kaka akafunga mlango. Akashusha sauti ile ya watu wa vikao.

"Mdogo wangu, umeona mzee anavyosahausahau siku hizi? Kumbukumbu zinamchanganya. Hata wajumbe wa chama cha wakulima nimewaambia, mkimsikia anasema vitu vya ajabu mvumilieni, ni umri."

Baba anakumbuka mvua za kila mwaka tangu alipoajiriwa. Anakumbuka mbuzi wake kwa majina na wazazi wao. Leo amekuwa punguani kwa sababu tu anakumbuka na lile moja. Kwa hiyo hata akisimama mwenyewe katikati ya kijiji akasema kweli, watu watatikisa vichwa, maskini mzee. Kaka alikuwa amemfungia baba nje ya maisha yake mwenyewe na ufunguo akauweka mfukoni.

Kumbe hao wajumbe aliowataja walikuwa na shughuli. Chama cha wakulima wa zabibu pale kijijini kilikuwa kikiandaa sherehe baada ya mavuno, na kwa ushawishi wa tunayemjua sisi, mgeni wa heshima angekuwa muasisi. Angevishwa mgolole, lile shuka la heshima la begani. Kaka angesoma historia yake. Mwandishi yule kijana angekuwepo na kamera.

Nilipompelekea baba habari hizo nilidhani ataugua. Hakuugua. Alichokonoa ardhi kwa fimbo, kisha akasema, "Nenda Kizota kwa Mnyamwezi wangu. Mwambie msiba uko tayari, ila marehemu hajafa."

Nikaenda. Nikamkuta mzee wa reli amekaa mbele ya karakana, cheche zinaruka nyuma yake, anamgombeza mwanawe kuhusu bawaba. Nikamwamkia, nikamweleza yote tangu mwanzo. Alicheka pale tu nilipofika kwa mkwe.

"Kwa hiyo mnataka mtu asiye ndugu," akasema.

"Ndiyo, babu."

"Mngeanzia hapa. Mwambie Mgogo wako nataka jogoo, na awe mkubwa, maana kumzika mtu mzima anayetembea ni kazi ngumu."

Siku ya sherehe turubai lilifungwa kwenye uwanja wa shule. Walikuwepo wale wa mchangani na wahasibu wao, kwaya, viongozi, soda. Mjane wa jirani alikaa pembeni kwenye mkeka na wanawake wenzake, amevaa kitenge chake cha kanisani. Baba alikaa meza kuu akiwa amevishwa mgolole, amenyooka kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kaka akasimama na kipaza sauti, akasoma makala yote kuanzia ukoo mashuhuri. Alisoma kwa sauti ya kutetemeka kidogo, akaweka na kimya pale pa kuweka kimya. Alipofika kwenye muasisi, watu wakapiga makofi, makofi ya kiungwana, yale ya watu wanaojua na wameamua kutojua kwa sababu pilau liko jikoni.

Kengele ya baiskeli ikalia.

Mzee wa reli aliingia kutoka nyuma ya madarasa akiendesha baiskeli ya mtoto, magoti yanagonga usukani, kichwani kofia ngumu nyeupe ya fundi ujenzi. Alizunguka uwanja mara kadhaa kwa madaha. Wazee wa kwanza kuitambua ile kofia walishaanza kujishika mbavu. Akaisimamisha baiskeli mbele ya wale wa mchangani, akanyoosha kidole, na kwa sauti ambayo, Mungu anisamehe, ilikuwa ni ya baba yangu kabisa, akasema, "Ng'oa. Zabibu utakula na mlenda?"

Uwanja ulilipuka. Watoto walioucheza msemo ule maisha yao yote ndipo walipojua ulikotoka. Mtani akapita mstari kwa mstari, huyu ng'oa, yule ng'oa, mwenyekiti ng'oa, mchungaji ng'oa, akafika kwa kaka akamnyang'anya karatasi: "Na wewe nani amekuruhusu kupanda hii? Ng'oa." Akawapa mbuzi wa kubuni waile. Kaka alikuwa anatabasamu kwa meno tu. Mtani hakasirikiwi, na ukimkasirikia umejivua nguo, kwa hiyo alitabasamu mpaka shavu likamcheza.

Kisha mtani akafika kwenye mkeka wa wanawake. Alishuka kwenye baiskeli, akavua kofia, akaishika mkononi mbele ya yule mama. Kicheko kikapungua chenyewe, kikaisha.

Baba akasimama. Aliutoa mgolole, akaukunja vizuri, akauweka mezani. Akatembea mpaka pale kwa fimbo yake. Alizungumza Kigogo, bila kipaza sauti, lakini uwanja ulikuwa kimya na wote tulisikia.

"Huyu Mnyamwezi hajadanganya. Mume wako alichimba, mimi nikamng'olesha. Alinitii, na utii ule ndio uliowala nyie. Nimekuwa nikiitikia salamu yako kila asubuhi bila kukuambia hivyo."

Nilikuwa nalia waziwazi na sikujali nani ananiona. Yule mama hakulia. Alimtazama baba kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Bwana Shamba," akasema, "kijana wako amesoma hapa kwamba ulipanda zabibu. Mimi karatasi siwezi kuzipinga. Pale ulipong'oa kwangu pako wazi mpaka leo. Njoo upande."

Gazeti lilitoka siku chache baadaye na picha kubwa ya baba ndani ya mgolole: Muasisi wa Zabibu Atunukiwa. Kuhusu baiskeli hakuna hata mstari; kijana yule alituma habari yake akaondoka kabla kengele haijalia. Mtu fulani, na simtaji, akaiongeza habari hiyo kwenye makala. Sasa makala ina tanbihi mbili na haigusiki. Watu zaidi ya mia walisikia kweli kwa masikio yao, na hakuna hata mmoja aliye chanzo huru.

Lakini kabla ya mvua tulikuwa kwa yule mama. Baba aliagiza miche mwenyewe, akachagua samadi mwenyewe, ila mikono yake haiwezi tena sururu. Alimwita kaka. Kaka akaeleza habari za vikao. Baba akamwambia, "Makala umeandika wewe. Jembe hili hapa." Na kwa kuwa wananchi wanaomwomba walikuwa wamejaa njiani wakitazama, wananchi ambao hatimaye nami nilikutana nao, akaja.

Ardhi yetu mwezi ule ni jiwe. Kaka alivua koti, akavua tai, akavua na saa. Sururu ilikuwa inaruka tu. Yule mama alikaa kwenye kigoda kivulini na baba kando yake, wanatafuna karanga. Jua lilipokuwa la utosi kaka alikuwa na shimo linalomfika magotini, shati limegeuka rangi, viganja vimetoka malengelenge. Akanyoosha mgongo, akanipa simu yake.

"Nipige moja," akasema akihema. "Ya kuweka kule kwenye makala."

Nikaishika simu. Yule mama akainuka taratibu, akaja mpaka ukingoni, akachungulia ndani.

"Fupi hilo," akasema. "Mume wangu alikuwa akichimba mpaka kiunoni."

Kaka akamtazama baba. Baba alikuwa anamenya karanga. Kaka akashuka tena shimoni.